Orodha ya Aprili 2015: Kisa cha Mashirika Mawili ya Mombasa na Ulinzi wa Mwananchi Mbele ya Ujasusi

Asubuhi ya tarehe 2 Aprili 2015 wapiganaji wa al-Shabaab waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Siku chache baadaye, nchi ingali inazika, Gazeti Rasmi la Serikali lilibeba tangazo la Inspekta Jenerali wa Polisi lenye orodha ya majina 86 ya watu, kampuni na mashirika yaliyoshukiwa kuwa na uhusiano na kundi hilo. Ndani ya orodha hiyo, pamoja na kampuni za hawala ambazo familia nyingi za Pwani na Kaskazini Mashariki huzitegemea kupokea fedha kutoka kwa jamaa walio ng'ambo, yalikuwamo mashirika mawili ya kutetea haki za binadamu yenye makao yake Mombasa: MUHURI, lililoanzishwa mwaka 1997, na Haki Africa, lililoanzishwa mwaka 2012. Walioorodheshwa walipewa saa 24 kueleza kwa nini wasitangazwe kuwa washirika wa magaidi. Akaunti za benki za mashirika hayo mawili zikafungwa, na kabla mwezi haujaisha maofisa wa mamlaka ya mapato wakafika katika ofisi zao wakachukua kompyuta na nyaraka.

Wanaoijua Mombasa ya miaka ile watakumbuka uzito wa jambo hilo. Mhubiri Aboud Rogo alikuwa ameuawa kwa risasi barabarani Agosti 2012, na mhubiri mwenzake Abubakar Shariff, aliyejulikana zaidi kwa jina la Makaburi, aliuawa nje ya mahakama ya Shanzu Aprili 2014. Masjid Musa, mtaani Majengo, ulikuwa umevamiwa na polisi zaidi ya mara moja mwaka 2014. MUHURI na Haki Africa ndiyo mashirika yaliyokuwa yakipokea wake na mama waliokuja kueleza kwamba mume au mtoto amechukuliwa usiku na watu wasiojitambulisha. Yalikuwa yakiandika majina, tarehe na mahali, na kuyapeleka mahakamani. Kwa hiyo familia iliyosikia kwamba ofisi hizo zimo katika orodha ya washirika wa magaidi ilijikuta haina mahali pa kwenda kulalamika.

Tangazo lilitolewa na polisi, wala halikutolewa na Idara ya Taifa ya Ujasusi, ambayo wengi huijua kwa herufi zake NIS. Hata hivyo nimekichagua kisa hiki kuieleza idara hiyo, muundo wake na wale wanaoisimamia, kwa sababu kinaonyesha kitu ambacho maelezo ya kawaida ya sheria hayakionyeshi. Tukisoma sheria tunaona idara yenye mipaka, yenye mkuu anayeidhinishwa na Bunge, yenye bodi ya malalamishi na yenye jaji wa kutoa vibali. Tukikifuata kisa tunaona kwamba madhara kwa raia hutokea mahali pengine, pale ambapo habari ya siri hutoka mikononi mwa mwenye kuikusanya na kuingia mikononi mwa mwenye mamlaka ya kutenda. Ulinzi tulionao umewekwa kwenye milango ya nyumba mbili, na ujia ulio kati yao una mlinzi mmoja tu, naye hafiki mpaka aitwe na aliyeumia.

Sikio na mkono

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 239, inataja vyombo vitatu vya usalama wa taifa: Jeshi la Ulinzi, NIS na Huduma ya Taifa ya Polisi. Kifungu hicho hicho kinasema vyombo hivyo viko chini ya mamlaka ya kiraia. Kifungu cha 242 ndicho kinachoiunda NIS na kuipa kazi ya ujasusi wa usalama pamoja na kuzuia ujasusi wa maadui, na Sheria Nambari 28 ya mwaka 2012 inaeleza namna kazi hiyo itakavyofanywa. Kwa lugha ya barazani, NIS ni sikio la dola. Kazi yake ni kujua na kumwambia mwenye kuamua, na sheria inaikataza kufanya kazi ya polisi, ambao ndio mkono wa dola. Kutesa ni marufuku kwa maofisa wake, kama ilivyo marufuku kwa kila mtumishi wa umma.

Utengano huu wa sikio na mkono ulipatikana kwa gharama kubwa. Chombo cha ujasusi tulichorithi kutoka kwa Waingereza, Special Branch, kilikuwa tawi la polisi, na James Kanyotu alikiongoza kuanzia mwaka 1965 hadi 1991. Mwaka 1986 kilibadilishwa jina na kuwa kurugenzi ya ujasusi wa usalama, lakini ndiyo miaka ileile ambayo Wakenya walioshukiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali, waliteswa katika vyumba vya Nyayo House jijini Nairobi. Aliyesikiliza ndiye aliyekamata, aliyekamata ndiye aliyehoji, na kukiri kwa mtu aliyeteswa kukawa ushahidi. Sheria ya mwaka 1998 ilikata kamba hiyo kwa kuunda idara ya ujasusi iliyo nje ya polisi, isiyokuwa na uwezo wa kukamata, nayo Katiba ya 2010 ikaupa utengano huo nguvu zaidi. Ninautetea utengano huu bila kusita.

Desemba 2014, miezi minne tu kabla ya orodha tunayoizungumzia, Bunge lilipitisha kwa vurugu sheria ya kurekebisha sheria za usalama, na moja ya mabadiliko yake lilimpa ofisa wa NIS uwezo wa kumsimamisha na kumzuia mtu katika hali fulani, kisha kumkabidhi kwa polisi. Februari 2015 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu vinane vya sheria hiyo, lakini sehemu kubwa ilibaki. Mstari kati ya sikio na mkono ulikuwa umeanza kufifia.

Ndani ya idara, kazi imegawanywa kwa namna inayofanana na ya nchi nyingi: wapo wanaoshughulikia ujasusi wa ndani, wapo wa nje, wapo wa kuzuia majasusi wa kigeni, na wapo wa utawala na mafunzo. Makao makuu yako Ruaraka, Nairobi. Mkurugenzi Mkuu huteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge la Taifa, kwa muhula wa miaka mitano unaoweza kuongezwa mara moja. Ingawa ni idara ya kiraia, iliongozwa na wanajeshi kwa muda mrefu: Brigedia Wilson Boinett, kisha Meja Jenerali Michael Gichangi, kisha Meja Jenerali Philip Kameru. Mwaka 2023 ndipo uongozi ulipoenda kwa mwanasheria, Noordin Haji, aliyekuwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mtu aliyezoea kuuliza kama jalada lina ushahidi wa kutosha kusimama mahakamani ana jambo la kuifundisha idara ambayo kazi yake huishia kabla ya mahakama.

Katika ngazi ya kaunti, ofisa wa ujasusi huketi na wakuu wa polisi katika kamati ya usalama na ujasusi ya kaunti, chini ya uenyekiti wa kamishna wa kaunti. Hapo ndipo habari ya Kisauni, ya Likoni au ya Mji wa Kale inapokutana na wenye magari, pingu na mamlaka ya kuandika barua.

Safari ya neno «inasemekana»

Kitengo ambacho raia hakioni kabisa, nacho ndicho moyo wa kazi yote, ni kile cha uchambuzi. Mkusanyaji huleta alichosikia. Mchambuzi huuliza ni nani aliyesema, alijuaje, ana chuki gani na anayesemwa, na kama yuko mwingine asiyejuana naye aliyesema vivyo hivyo. Kisha huandika makadirio, yaani maoni yaliyopimwa kuhusu jambo ambalo halijathibitishwa. Ripoti nzuri ya kijasusi imejaa maneno ya tahadhari: huenda, yaelekea, inasemekana, chanzo kimoja ambacho hakijajaribiwa. Maneno hayo ni sehemu ya habari yenyewe, na anayeyaondoa ameibadilisha habari.

Lugha yetu inalielewa jambo hili vizuri, na pia inatutega. Tuna fununu, tetesi, uvumi, dokezo, shuku, dhana na hakika, na mzee wa mtaani hawezi kukosea kuyapanga maneno hayo kwa uzito wake. Lakini tuna pia methali inayosema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika mambo ya nyumba na jirani methali hiyo inaweza kutuasa tujichunge. Katika ofisi ya serikali ni hatari, kwa kuwa inamruhusu mwenye mamlaka kuuchukulia wingi wa wasemaji kuwa ushahidi, hali wote huenda walisikia kwa mtu mmoja.

Hebu tufikirie safari ya dokezo moja tu, kwa mfano. Mtu anasema kwamba fedha fulani zilizotumwa kwa shirika fulani ziliifikia familia ya kijana aliyevuka kwenda Somalia. Huenda ni kweli, na huenda fedha hizo zilikuwa nauli ya mama mzazi kuhudhuria kesi. Mkusanyaji anaandika «inasemekana». Mchambuzi anaandika «yaelekea upo uhusiano». Muhtasari unaoenda kwa mkubwa unakuwa na mstari mmoja, kwa sababu mkubwa hana muda, na mstari huo unasema «shirika linahusishwa na». Tangazo likifika katika Gazeti Rasmi, neno limekuwa «mshirika». Hapajakuwa na mwongo hata mmoja katika safari hiyo. Kila mmoja amefupisha kidogo, na mwisho wake akaunti ya benki imefungwa.

Ni vyema kukumbuka kwamba Inspekta Jenerali aliyetia saini orodha ile, Joseph Boinnet, alikuwa ameapishwa Machi 2015 tu, naye alitoka katika utumishi wa ujasusi. Sisemi kwamba hilo lilikuwa kosa, kwa kuwa mtu mwenye uzoefu wa ujasusi anaweza kuwa mkuu mzuri wa polisi. Ninalosema ni kwamba kazi hizo mbili zina viwango viwili tofauti vya uhakika. Jasusi asiyetoa onyo mpaka apate hakika amechelewa, na polisi anayetenda bila sababu za msingi zinazoweza kuelezwa ameonea. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012 inamtaka Inspekta Jenerali awe na sababu za msingi, na hicho ni kiwango cha polisi.

Upande wa pili wa jambo hili tuliuona Westgate, jengo la maduka jijini Nairobi. Baada ya shambulio la Septemba 2013 lililoua watu 67, swali lililotawala lilikuwa kama NIS ilitoa onyo, na kama ilitoa, ni nani hakulifanyia kazi. Kamati za Bunge ziliandika ripoti ya pamoja, na mwaka 2014 Bunge lenyewe likaikataa. Westgate iliacha swali la onyo ambalo huenda halikutendewa kazi, na orodha ya 2015 ikaleta shuku iliyotendewa kazi kabla ya kupimwa. Matatizo hayo mawili yanatoka katika ujia mmoja, na aliyetaka kuchunguza lolote kati yake alikutana na majibu yaleyale: sikio husema lilitoa habari na halikutenda, mkono husema ulitenda kwa habari uliyopewa.

Mbele ya Jaji Emukule

Mashirika hayo mawili hayakukaa kimya, wala hayakujibu kwa maandamano. Yalikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa na kufungua kesi ya kikatiba dhidi ya Inspekta Jenerali na wenzake, na kesi ikaja mbele ya Jaji Anyara Emukule.

Ili kuielewa hukumu, inafaa kuyafahamu masharti ya kifungu cha 3 cha Sheria ya Kuzuia Ugaidi. Kifungu hicho hakimpi Inspekta Jenerali uwezo wa kumtangaza mtu yeyote. Kinampa uwezo wa kupendekeza kwa waziri. Kabla ya kupendekeza, ni lazima ampe anayehusika nafasi ya kujieleza. Waziri ndiye anayeamua, na tangazo katika Gazeti Rasmi ni lake. Anayetangazwa anaweza kuomba jina lake liondolewe, na akikataliwa anaweza kwenda Mahakama Kuu. Huko, sheria inamruhusu jaji kuzisoma ripoti za kijasusi faraghani, hata bila mlalamikaji kuwapo ikiwa kuzifichua kutahatarisha usalama wa taifa, mradi mlalamikaji apewe muhtasari wa kutosha kumwezesha kujua anashutumiwa nini.

Hatua hiyo ya mwisho ni ya thamani kubwa, na sijaona ikipewa heshima inayostahili. Ndiyo mahali pekee katika utaratibu huu wote ambapo macho ya mtu asiyekuwa wa vyombo vya usalama yanaruhusiwa kuitazama karatasi yenyewe, si muhtasari wake wala muhtasari wa muhtasari. Serikali haiwezi kusema kwamba ilishindwa kueleza sababu zake kwa kuogopa kufichua vyanzo, kwa kuwa sheria imeijengea chumba cha kuelezea bila kufichua.

Juni 2015 jaji alitoa uamuzi. Alisema kwamba hapakuwekwa mbele ya mahakama ushahidi wowote wa kuyahusisha mashirika hayo na ugaidi, na kwamba Inspekta Jenerali hakufuata utaratibu uliowekwa na sheria. Hatua zilikuwa zimepangwa kwa mfuatano, kusikiliza, kupendekeza, kuamua, kisha kutangaza, lakini majina yalitangazwa kwanza ndipo wenye majina wakaambiwa wajieleze. Kwa mtu ambaye jina lake limekwisha kusomwa redioni, nafasi ya kujieleza ya saa 24 haina maana aliyoikusudia mtunga sheria. Hata kama angejibu vizuri kiasi gani, benki imekwisha kusoma, mfadhili amekwisha kusoma, na mwenye nyumba amekwisha kusoma.

Lakini akaunti hazikufunguliwa mara moja. Zilibaki zimefungwa mpaka Novemba 2015, mahakama ilipoagiza zifunguliwe. Kutoka Aprili hadi Novemba ni miezi saba. Shirika lisilo na akaunti haliwezi kulipa mishahara, kodi ya ofisi, nauli ya shahidi wala ada ya kufungua kesi nyingine. Anayeisoma hukumu ya Juni peke yake ataona ushindi, na anayeisoma pamoja na kalenda ataona kwamba mashirika yaliyokuwa yakiandika habari za waliotoweka yaliendelea kubanwa kwa miezi mitano baada ya mahakama kusema hakuna ushahidi dhidi yao.

Walinzi wa milango

Sasa tunaweza kuwaita wasimamizi wa NIS mmoja mmoja na kumuuliza kila mmoja: katika kisa hiki, ungeweza kufanya nini?

Wa kwanza ni Baraza la Usalama wa Taifa, linaloongozwa na Rais, ambamo Mkurugenzi Mkuu wa NIS, Mkuu wa Majeshi na Inspekta Jenerali huketi pamoja na Naibu Rais, mawaziri na Mwanasheria Mkuu. Hilo hutoa mwelekeo, na kila mwaka linatakiwa na Katiba kulipa Bunge taarifa kuhusu hali ya usalama. Kando yake lipo baraza la NIS yenyewe, la mawaziri pamoja na Mwanasheria Mkuu, linaloshauri kuhusu sera na matumizi. Haya ni mabaraza ya wanaotumia habari. Si haki kumtegemea mteja wa habari awe hakimu wa namna ilivyopatikana, hasa wiki moja baada ya vifo 148, wakati nchi nzima inataka kuona kitu kimetendeka.

Jaji wa Mahakama Kuu ndiye anayetoa kibali NIS inapotaka kuingilia faragha ya mtu inayolindwa na kifungu cha 31 cha Katiba, kwa mfano kwa kusikiliza mawasiliano yake. Huo ni ulinzi wa kweli, lakini ni ulinzi wa wakati wa kukusanya. Jaji huyo haitwi tena pale habari iliyokusanywa inapokwenda kutumika. Tena habari nyingi hazihitaji kibali chochote, kwa kuwa hutoka midomoni mwa watu. Mtoa habari anayeketi msikitini, sokoni Marikiti au katika kivuko cha Likoni hahitaji hati ya jaji ili asikie.

Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua fedha za idara, na fedha hizo huonekana katika bajeti kama fungu moja lisilo na maelezo ya ndani. Kwa kisa chetu hana la kusema.

Bunge ndilo ambalo Katiba inalipa nafasi ya juu zaidi. Kifungu cha 238 kinaweka usalama wa taifa chini ya mamlaka ya Katiba na Bunge, na Sheria ya NIS inarudia kwamba Bunge litasimamia shughuli zote za idara. Katika Bunge la sasa kazi hiyo iko kwa Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Mambo ya Nje. Neno «zote» ni pana, nalo lina nguvu ambayo kamati haijaitumia kikamilifu. Kamati ya Bunge huzungumza na wakuu, hupitisha bajeti, huhoji baada ya msiba. Msiba ukiwa ni shambulio, maswali huwa kwa nini hamkujua. Raia akionewa kwa shuku, hakuna kikao kinachoitwa kuuliza mlijuaje. Ningependa mbunge mmoja wa Pwani, wa chama chochote, alichukue swali hilo la pili na kuliuliza faraghani kila mwaka: ni mapendekezo mangapi ya kutangaza au kufunga yaliyotokana na ripoti za NIS, na ni mangapi kati yake yaliyosimama mahakamani? Jibu halihitaji kutaja chanzo hata kimoja.

Mwisho ipo Bodi ya Malalamishi, iliyowekwa na sheria ya 2012 mahsusi kwa ajili ya raia. Mwenyekiti wake anatakiwa awe mtu anayestahiki kuwa jaji wa Mahakama Kuu, na miongoni mwa wajumbe huwamo mwakilishi wa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, wakili na ofisa mstaafu wa ujasusi. Muundo huo ni mzuri. Una mtu anayeijua sheria, mtu anayejua haki, na mtu anayejua siri huwekwaje na hutumiwaje vibaya. Lakini anayeruhusiwa kulalamika ni aliyeathiriwa na jambo lililofanywa na NIS. Je, MUHURI wangeandika nini katika malalamishi yao? Barua waliyoiona ilikuwa ya polisi. Akaunti zilifungwa na benki. Kompyuta zilichukuliwa na mamlaka ya mapato. Kila walipogusa walikuta mkono, na sikio halikuonekana popote. Bodi ya malalamishi ambayo mlango wake unafunguka kwa yule tu anayeweza kuthibitisha kwamba jambo lake lilianzia NIS ni mlango usiofikiwa na wale hasa waliokusudiwa, kwa sababu kutojulikana ndiyo hali ya kawaida ya kazi ya ujasusi. Hata Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, inayoshughulikia maofisa wa polisi, haina uwezo wa kumfuata mpashaji habari wa NIS nyuma ya uamuzi wa polisi.

Ndiyo maana ninasema iliyolindwa ni milango, na ujia ukaachwa. NIS ina wasimamizi wake na polisi wana wasimamizi wao, na habari inapovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine haina msimamizi mpaka aliyeumia apate wakili, afungue kesi, na apate jaji aliye tayari kuuliza. MUHURI na Haki Africa yalikuwa mashirika ya kisheria, yenye mawakili, majina na marafiki nje ya nchi. Mwenye duka dogo la simu Kongowea au kijana wa bodaboda ambaye jina lake lingekuwamo katika orodha hiyo hiyo asingekuwa na lolote kati ya hayo.

Kinachoweza kufanywa

Tangu kisa kile, raia amepata vyombo viwili zaidi. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015, inayotimiza kifungu cha 47 cha Katiba, inampa mtu aliyedhuriwa na uamuzi wa serikali haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa haki ya kuomba nyaraka, ingawa inaondoa zile zinazogusa usalama wa taifa. Atakayejikuta leo katika hali ya Aprili 2015 na aanze na sheria ile ya kwanza siku hiyo hiyo, kwa barua fupi ya kuomba sababu, akiweka nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Barua hiyo haitafungua siri, lakini itamlazimisha mwamuzi ama aandike sababu, ama anyamaze kwa maandishi, na ukimya wa namna hiyo una uzito mbele ya jaji.

Zaidi ya hapo ninapendekeza badiliko moja dogo katika kifungu cha 3 cha Sheria ya Kuzuia Ugaidi. Kila mara Inspekta Jenerali anapompelekea waziri pendekezo linaloegemea ripoti ya kijasusi, ripoti hiyo, kama ilivyoandikwa na mchambuzi pamoja na maneno yake yote ya tahadhari, iwekwe siku hiyo hiyo katika bahasha iliyofungwa kwa msajili wa Mahakama Kuu iliyo karibu na anayetajwa. Jaji aisome ndani ya siku chache bila kungoja kesi ifunguliwe, na akaunti isifungwe kabla hajaisoma, isipokuwa kwa muda mfupi wa dharura ambao yeye mwenyewe atauidhinisha. Siri itabaki siri. Nakala ya bahasha iende kwa Bodi ya Malalamishi, ili bodi ijue jambo limeanzia wapi hata kama raia hajui, na iweze kumwita mchambuzi na kumuuliza «inasemekana» yake iligeuka lini kuwa «ni».